Ubao wa Mia na Kumi na Nne

Waliokaa vitini walidhani sakafu ipo siku zote,
kama ardhi.
Sisi sita wa zamu ya usiku tulijua
chini yake kuna barafu ya wale wa magongo,
na sakafu huja kwa troli, vipande mia mbili ishirini na tano,
kila kimoja na namba yake mgongoni
kama mchezaji.

Tuliilaza, tukaiamsha, tukailaza tena msimu mzima.
Stan Wojtowicz, mguu wa kushoto mfupi, alihesabu kwa Kipolandi.
Mimi nilihesabu kwa Kiswahili cha Uvira.
Hatukupishana hata ubao mmoja.

Wa mia na kumi na nne ulikuwa na ugonjwa.
Ukidundisha mpira hapo haurudi mkononi:
unainuka hadi gotini, unafikiri, unalala.
Seremala alikuja mara mbili, akabisha hodi kwa nyundo,
akasema hana dawa.
Lakini Dontrell Weems aliujua.
Aliwasogeza wageni pembeni, hatua, nusu hatua,
kwa adabu, kama anayemwonyesha mtu kiti,
mpaka mpira wao unafia pale
naye keshauokota, keshafika upande wa pili,
na Erie nzima imesimama.

Nasema Erie nzima. Tulikuwa elfu nne,
theluji ya ziwa ikiwa imefukia magari nje,
sufi iliyolowa ikinuka pamoja na vitunguu vya kukaanga.
Safu ya tisa, Rosalind Krasny na kengele ya shaba
ya kile kiwanda cha injini za treni.
Kiwanda kilipohama, alisema,
wao waliondoka na kazi, mimi nikaondoka na kengele.
Wafua Chuma wakifunga, anaipiga.
Wakifungwa, anaipiga pia, ila mara moja.

Mwenye timu alitangaza Jumanne mchana,
watu wakiwa kazini.
Alisema soko. Alisema fursa. Alisema anatupenda.
Mji wenyewe uko kusini,
theluji wanaijua kwenye kadi za Krismasi.

Mchezo wa mwisho tulishinda kwa pointi saba
na hakuna aliyejua la kufanya na ushindi ule.
Mtoto mmoja aliuliza: kesho kutwa tunacheza na nani?
Baba yake akapiga magoti kumfunga zipu ya koti.
Zipu ile ilikuwa ndefu.
Ilichukua muda mrefu sana.

Kisha tukaanza kazi.
Safari hii troli hazikwenda stoo.
Zilikwenda mlangoni, kwenye malori matatu,
baridi ikiingia kama mkaguzi.
Karani wao na karatasi yake:
mia na kumi na mbili, tia alama,
mia na kumi na tatu, tia alama.
Stan akanitazama.
Stoo tulikuwa na ubao wa akiba, mzima, haujawahi kukanyagwa.
Tulikuwa tumepanga hata nani atauficha ule wetu,
kwenye gereji ya nani, chini ya turubai lipi.
Lakini mikono yangu ilishaushika
na miguu yangu inaijua kazi yake.

Huu una kasoro? karani aliuliza, kalamu hewani.
Mzima kama mimi, Stan akajibu,
akaondoka akichechemea kufuata wa mia na kumi na tano.

Sasa Alhamisi tunakaa jikoni kwake na redio.
Ya huko kusini haishikiki vizuri,
inabidi mmoja wetu aushike waya.
Wiki ya tatu mtangazaji alikatisha sentensi.
Mpira umemponyoka, alisema, ajabu,
hakuna aliyemgusa.
Akacheka: labda sakafu mpya ina shetani.

Si mpya, Stan aliiambia redio,
nami nikaendelea kuushika waya.